Miezi Mitano ya Baba kwenye Nusu Ukurasa

4 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mashine yako ya kuchapia, maana najua mkiugua pamoja utaanza kuitibu yenyewe. Huku hatujambo. Mama goti bado linamsumbua ila mdomo ni mzima kabisa: jana kamtimua fundi wa paa kwa maneno matupu. Mimi kazi ni ile ile, kusoma mita za maji nyumba kwa nyumba. Juzi mbwa wa mtu kanirarua sketi, na mwenye mbwa badala ya kunipa pole akaniuliza kwa nini nilivaa rangi ile.

Sasa niseme lililonileta. Usicheke, shangazi. Nimeandika mswada wa filamu. Kurasa tisini na mbili kwa mkono, nimeuambatanisha hapa. Kampuni yenu imetangaza gazetini kwamba inapokea miswada ya waandishi wapya mpaka tarehe thelathini Aprili, na sharti iwe imechapwa kwa mpangilio wenu. Mpangilio wenyewe siujui. Nikajiambia, ya nini kuhangaika, na anayewachapia miswada miaka ishirini na tano ni shangazi yangu wa damu?

Ni hadithi ya baba. Fundi saa ameugua, binti yake yuko shule ya bweni mwaka wa mtihani, na baba anamwandikia barua kutoka kitandani hospitalini. Unaijua kuliko mimi. Kinachonishinda ni ukurasa wa thelathini na moja. Pale nataka ile miezi mitano ya baba, Juni mpaka Oktoba, ipite upesi, picha baada ya picha, muziki ukipiga chini na watu wasiseme neno. Nasikia inaitwa montaji. Inaandikwaje? Mimi nimerundika kila kitu kwenye aya moja.

Mama anakusalimu. Nilipomwambia mswada unahusu nini alisema "Haya," akatoka kwenda kuanua nguo ambazo hata hazijakauka.

Mwanao,
Dakika


26 Februari

Mwanangu Dakika,

Marahaba. Mimi mzima, namshukuru Mungu. Jirani wa ghorofa ya juu ameanza kufuga kuku, ghorofani, na jogoo wake hajui tofauti ya alfajiri na saa nane mchana. Mwambie wifi yangu goti halipendi ugomvi, aache mafundi wapumzike.

Mswada umefika. Kurasa thelathini za mwanzo nimezisoma bila kuinua kichwa mpaka chai ikapoa, na chai yangu huwa haipoi. Kaka yangu nimemwona. Nimemwona akiinamia meza na ile lenzi jichoni. Halafu nikafunua ukurasa wa thelathini na moja, nikashtuka mpaka nikavua miwani. Aya moja ya mistari ishirini na miwili! Wodi, bweni, dirisha, mvua, muuguzi, barua, vyote vimebanana humo. Mpiga picha aiweke wapi kamera yake, mfukoni?

Sikiliza nikufundishe, maana waandishi wa hapa wenye majina makubwa nao wananikosea kila wiki. Unaanza na kichwa kwa herufi kubwa, MFULULIZO WA PICHA, na baada yake unaonyesha unahusu nini. Kila picha inapata mstari wake na herufi yake, A, B, C. Kila mstari unasema ni ndani au nje, ni wapi, ni mchana au usiku. Picha moja, tendo moja. Usiandike "anakumbuka" wala "anajuta", kamera haioni majuto. Na kama vitendo vyote viko mahali pamoja na saa ile ile, hiyo si montaji, ni onyesho la kawaida, liandike kama onyesho. Montaji ni ya kuruka muda. Sita zinatosha, ya saba ni ulafi. Picha nzito kuliko zote iweke mwisho. Hilo halimo kwenye kitabu chochote, ni sheria yangu, na imenisaidia sana. Ukimaliza andika MWISHO WA MFULULIZO, la sivyo mwongozaji ataendelea kuruka mpaka filamu iishe.

Na kwa kuwa wewe unaruka miezi mitano, tia mwezi kwenye kila picha, ili mtu wa mavazi ajue kama avalishe sweta. Usibuni. Muulize mama yako tarehe. Hadithi ya kweli ikikosea tarehe hunuka.

Nimeinuka kumfungulia mtu mlango, nimerudi, nimeimalizia ile aya yako. Dakika, ile picha ya mwisho, ya barua ya msamaha. Itoe. Nyingine zibaki, hiyo itoe. Na hizo tarehe pia, si lazima sana.

Utepe wa mashine umefifia, naishia hapa.

Shangazi yako


15 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Sisi wazima. Mama sasa anapanda ngazi bila kumlaani aliyezijenga. Barua yako nimeisoma mara tatu, mbili nikicheka, na ya tatu nikiwa nimeduwaa. Umenifundisha kutia mwezi, kisha mistari mitano chini unaniambia si lazima. Tangu lini wewe ukawa mtu wa "si lazima"?

Tazama, nimefanya kazi ya nyumbani:

MFULULIZO WA PICHA – MIEZI MITANO YA BABA

A) NDANI. WODI YA WANAUME – MCHANA (JUNI). Baba anamtamkia dada yake barua. Dada anaandika.

B) NJE. UWANJA WA SHULE – MCHANA (JUNI). Binti anafungua bahasha. Barua imechapwa kwa mashine.

C) NDANI. WODI – MCHANA (JULAI). Baba, kitandani, anatengeneza saa ya muuguzi.

D) NDANI. BWENI – ASUBUHI (AGOSTI). Binti anaingiza barua ya nne chini ya godoro.

E) NDANI. WODI – MCHANA (SEPTEMBA). Baba amekonda. Anatamka barua ya tano.

F) NDANI. DARASA TUPU – MCHANA (SEPTEMBA). Binti anasoma. Tunaliona neno moja kwenye karatasi: "Nimekusamehe."

MWISHO WA MFULULIZO

Hiyo ya C baba aliniandikia mwenyewe, kwenye barua ya Julai. Sasa unaniambia niitoe F. Shangazi, F ndiyo filamu! Labda hukuwahi kuujua uzito wake, acha nikwambie.

Unaikumbuka ile saa ya mteja. Niliivaa kwenda bombani kuwaringia wenzangu, ikanivuka mkononi ikapiga sementi. Mwenyewe alipokuja, baba hakusema, "Ni mwanangu." Alisema, "Imeharibikia mikononi mwangu." Yule bwana akamwita mwizi mbele ya mtaa mzima, kwamba amechomoa vyuma vya ndani akaviuza. Baba aliingia ndani, akakaa, na hakunisemesha siku tatu. Siku ya kurudi shule hakunisindikiza stendi. Yeye ambaye sanduku langu hakuwahi kumwachia mtu alibebe. Wiki mbili baadaye nikasikia yuko hospitali, moyo. Nilikuwa na miaka kumi na tatu na nilijua kabisa kwamba nimemuua baba yangu, ila tu alikuwa hajafa bado.

Nilimwandikia barua saba za kuomba radhi. Zake zikaja nne, za utani na habari za wodini, na la saa hakuna. Ya tano ndiyo ilikuwa nalo. Bila ile barua nisingeingia chumba cha mtihani, na sijui kama leo ningekuwa mtu wa kuandika chochote. Kwa hiyo haitoki.

Tarehe nilimuuliza mama, kama ulivyoagiza. Akasema, "Muulize aliyekutuma." Basi nakuuliza. Baba alihamishwa wodi mwezi gani? Alianza kukonda lini?

Dakika


2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nimefurahi kusikia goti limepata nafuu. Wale kuku wa juu sasa wamekuwa saba. Mwenye nyumba alikuja kuwahesabu, mmoja akamrukia kichwani, tukamsikia mpaka chini akiita jina la mama yake. Kazini tumepata mkurugenzi mpya, kijana, anataka kila kitu jana. Binti wa mapokezi ameolewa. Mvua bado.

Kuhusu ukurasa wako. Barua haisomeki ndani ya montaji. Kila picha inakaa sekunde tatu, nne ikizidi, na mtazamaji aliye nyuma ataona karatasi tu. Halafu kumwekea mtu neno "nimekusamehe" usoni ni kumkaba ili alie. Wakaguzi wa hapa hawapendi. Ishia kwenye D, binti na godoro, panatosha, ni pazuri.

Tarehe ziache. Andika MCHANA. Hakuna mwezi usio na mchana.

Nimekwisha kuchapa mpaka ukurasa wa thelathini. Ukinitumia wa thelathini na moja usio na hiyo picha nitaendelea, siku bado zipo.

Shangazi yako


11 Aprili

Shangazi,

Ulisema kila picha iwe na mahali. Nilitaka jina la wodi tu. Mama alikuwa kliniki, nikafungua kabati, nikatoa ile bahasha ya karatasi za baba nitafute cheti cha hospitali. Cheti hakikuwemo. Kilichokuwemo ni kibali cha mazishi.

Tarehe kumi na mbili Juni.

Nimekaa sakafuni sijui kwa muda gani. Kazi yangu ni kusoma namba, shangazi, naijua namba iliyokosewa inavyokaa, na hii haikukosewa. Ina muhuri na sahihi ya baba mkubwa. Nikazitoa barua zangu tano kutoka kwenye sanduku. Ya kwanza ni ya tarehe kumi na nane Juni. Ya kwanza! Zote tano, shangazi. Hakuna hata moja iliyoandikwa baba akiwa hai.

Mlinichukua shuleni Novemba mkaniambia amefariki wiki mbili zilizopita. Mkanipeleka kaburini, nikakuta majani yamefika magotini, nikakuuliza mbona yameota hivi. Wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, ukanijibu kwamba mvua zilikuwa nyingi.

Mama amerudi akanikuta na karatasi mkononi. Amekaa kitini na kiatu kimoja mguuni, kingine amekishika. Akasema, "Tulitaka ufanye mtihani." Nikamuuliza habari ya barua. Akasema, "Za barua sizijui. Za barua muulize wifi." Giza likaingia, na mimi sikuwasha taa.

Nani alitengeneza saa ya muuguzi mwezi wa saba? Nani alinisamehe?

Sikukuamkia. Shikamoo.

Dakika


2 Mei

Shangazi,

Aprili imekwisha na mlango wa miswada umefungwa. Sikujali hata kidogo. Wiki tatu nzima sijapata hata mstari. Mashine imekufa? Au umekufa wewe, na barua zako zitaendelea kunifikia mpaka Oktoba?

Dakika


10 Mei

Mwanangu,

Naandika kwa mkono, uvumilie mwandiko. Mashine ni nzima. Mimi ndiye niliyeshindwa kukaa mbele yake. Lile neno lako la mwisho lilinikata maini, na nilistahili, kwa hiyo silisemi zaidi.

Kaka alifariki asubuhi ya tarehe kumi na mbili Juni. Siku mbili kabla, nilipita hospitali nikitoka kazini. Nikamkuta ameegemea mto, akaniita Mashine, jina lake la kunitania, akaniambia nitoe daftari. Nikamwandika kwa hati mkato, ile michoro yangu mliyokuwa mkiiita mikia ya panya. Alisema mfululizo mpaka wakatufukuza wageni. Mambo ya shule, ya wodi, ya saa, utani, yote kwa pamoja bila mpangilio. Nikamwambia nitakuchapia.

Baada ya mazishi wazee wakakaa, wakaamua mtoto asiambiwe mpaka amalize mtihani. Mimi sikuombwa kuandika barua. Niliombwa kunyamaza tu, kama wengine. Lakini wewe ulikuwa umeanza kumwandikia, na karani wa hospitali barua zako alikuwa ananikabidhi mimi. Ya kwanza niliisoma nimesimama koridoni. Mtoto anamwomba radhi marehemu! Ningekaaje kimya? Na maneno yake nilikuwa nayo kwenye daftari.

Sikubuni, Dakika, niamini hilo hata kama mengine utakataa. Nilikata. Yale mazungumzo ya mchana mmoja niliyagawa vipande vitano, kila kipande nikakipa tarehe yake. Nilifanya ninachofanya kila siku mezani kwangu, na nilijiona hodari. Saa ya muuguzi aliitengeneza kweli, ila tarehe nane Juni. Ni mimi niliyeipeleka Julai. Langu humo ni salamu, na yale maneno "soma kwa bidii". Yeye hakuyasema hata mara moja.

Unauliza nani alikusamehe. Baba yako alikusamehe, kwa mdomo wake. Tena hilo la msamaha ndilo alilolisema la kwanza. La kwanza kabisa, hata penseli sijaiweka sawa. Mimi nikaliweka mwisho.

Sababu ninazo, nimezihesabu miaka yote hii na haziongezeki. Nilidhani jambo zito linakaa mwisho. Tena niliogopa kwamba barua ya msamaha ikitangulia itasomeka kama ya kuaga, na wewe si mjinga, ungeshtuka. Basi nikawa nasoma barua zako, ya pili, ya tatu, mpaka ya saba, unalia, unaomba, na jibu liko kwenye droo yangu. Juni mpaka Septemba. Ulikuwa unaungua na mimi ndoo ya maji nimeikalia.

Nilipoiona ile F kwenye ukurasa wako niliusukuma mswada kando. Kosa langu umelifanya kilele cha filamu. Ile barua yangu ya Februari, inayokutaka utie tarehe, ningeweza kuichana nikachapa nyingine, lakini nikaitia bahasha vile vile. Sijui kama ulikuwa uvivu, au nilikuwa nimechoka.

Shangazi yako


24 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Mama anaendelea vizuri. Tunakula pamoja, tunaongea habari za bei na majirani, na kila mmoja anamwogopa mwenzake.

Barua yako nilikutana nayo kwa mtu wa posta barabarani, nikaifungua kwenye uwanja wa nyumba ya watu, kifuniko cha mita kiko wazi mbele yangu. Nilipofika kwenye "la kwanza" mwenye nyumba akaniletea kiti. Sijui uso wangu ulikuwaje. Akauliza kama bili ni kubwa kiasi hicho.

Kwamba alinisamehe, nashukuru, nimeshukuru mpaka nimelia njia nzima. Kwamba ulikuwa nalo neno lake na mimi nang'ata blanketi bwenini wenzangu wasinisikie, hilo sina pa kuliweka. Nilikuwa mtoto. Sijakusamehe, shangazi. Sitaandika kwamba nimekusamehe ili barua imalizike vizuri, maana katika ukoo wetu tumekwisha kuona barua zilizomalizika vizuri.

Nataka kitu kimoja. Lile daftari, kama bado unalo. Mikia ya panya siwezi kuisoma, kwa hiyo niandikie wewe. Lakini usikate. Usipange, usitie tarehe, usitie herufi, usimsahihishe. Kila neno kwa mfuatano aliolitamka, hata kama alikohoa.

Mswada utangoja mwaka mwingine.

Dakika


19 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Daftari ninalo, halijawahi kutoka droo ya chini. Nimechukua karibu mwezi, na si kwa sababu ya ile michoro, michoro naisoma kama jana. Kuna maneno pale mwisho ambayo sikukwambia mwezi uliopita. Nimeanza kunakili mara mbili nikiyaacha nje, na mara mbili nimechana. Sasa yamo. Haya ndiyo yote.

Mashine, umekaa? Andika. Dakika mwanangu, ile saa imekwisha. Andika hivyo hivyo, ile saa imekwisha, nimekusamehe, nilikusamehe hata basi halijaondoka, nilikuwa nimesimama dirishani shati nimelishika mkononi nataka kuja na kiburi hakiniachii, kiburi cha mtu mzima ni upumbavu mtupu, hilo la upumbavu usiandike. Haya andika. Saa huanguka. Mimi mwenyewe nimeangusha mbili, hapana tatu, na wenyewe hawajui mpaka leo. Yule bwana alinitukana kwa sababu nilidanganya, aliona nababaika, ningesema ni mtoto wangu kaivaa labda angecheka. Kwa hiyo matusi yale ni yangu, wewe usiyachukue. Na huu moyo wa kuvimba ni wa babu yako, kaniachia yeye, hauhusiani na saa ya mtu, unasikia? Umeandika unasikia? Sawa. Sasa habari. Muuguzi mmoja hapa saa yake ilikuwa inakimbia dakika kumi kila siku, juzi nimeitengeneza kwa pini ya nywele, kafurahi kaniongezea mto. Mto wenyewe mgumu kama benchi. Jirani yangu wa kitanda cha pili anauza ng'ombe usingizini, jana usiku kamuuza mmoja kwa watu wawili, asubuhi nikamwambia jiandae watakuja kukudai. Mama yako analeta chakula hakina chumvi na anaapa kina chumvi. Ngoja nipumue. Umeandika na hilo? Wewe Mashine kweli. Dakika, maji ya kuoga mnapata huko? Sanduku lako bawaba imelegea, usimpe fundi yeyote aiguse, nitaifunga mwenyewe ukija. Kwenye mtihani swali likikushinda ruka, lile jingine halina kosa. Nini tena. Basi. Nisomee. Ndiyo. Ndiyo. Pale pa kwanza rudia. Sawa, hapo hapo. Sasa sikia dada, haya mengine ni porojo tu, yakae wiki, yakae hata mwezi. Hilo la saa lipeleke leo. Posta si unapita ukitoka hapa? Usingoje kulichapa, liandike kwa mkono ulitie bahasha. Leo, Mashine. Mtoto asilale nalo.